Mzee Mtiifu Ndiye Aliye Hatarini

Mzee akifa kwa tansio, yaani shinikizo la damu, huku Kasungami, Lubumbashi, hukumu hutolewa kabla matanga hayajavunjwa: hakutaka kunywa dawa. Muuguzi ameisema, mtoto anayetuma pesa kutoka Kolwezi ameirudia, mchungaji ameigusa katika mahubiri, na majirani wameipokea kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Wazee wetu, tunaambiwa, ni wakaidi. Hawafuati dawa, wanachanganya na mizizi, wakipata nafuu kidogo wanaacha. Basi kazi iliyobaki ni kuwahimiza, kuwakemea na kuwahesabia vidonge.

Nimeyasikia maneno haya kwa miaka mingi na siyakubali. Wako wazee wanaoacha dawa, tena wengi. Lakini mzee anayeacha dawa mara nyingi anatuletea taarifa, nasi tunaisoma kama kosa. Na aliye katika hatari kubwa zaidi, ambaye hukumu hii haimwoni kabisa, ni yule mtiifu: anayemeza kila alichopewa na kila mtu aliyempa.

Tuanze na huo ukaidi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa wanaotakiwa kutumia dawa kwa muda mrefu. Hata katika nchi tajiri, ni takriban nusu tu yao wanaofuata matibabu inavyotakiwa. Nusu! Kwa hiyo jambo tunalowabandika wazee wa Kasungami kana kwamba ni matokeo ya kutosoma linamhusu pia mwalimu mstaafu wa Paris na karani wa Toronto. Ripoti hiyohiyo ilitaka mgonjwa asaidiwe badala ya kulaumiwa. Zaidi ya miaka 20 imepita na sisi bado tunalaumu.

Sasa muulize aliyeacha. Muulize kwa heshima, umekaa naye chini, usimsimamie mlangoni na mashine ya kupimia: "Tate, ile dawa ilikuwa inakufanya nini?" Majibu yake yote yamo katika vitabu vya dawa. Atasema ilimletea kikohozi kikavu kisichomwacha alale. Hiyo ni kaptoprili, na enalaprili hufanya vilevile. Atasema jioni miguu ilivimba hata viatu vikakataa kuingia. Hiyo ni amlodipini. Atasema akisimama dunia inazunguka, na karibu dawa yoyote ya tansio inaweza kuleta hilo, hasa zikiwa mbili au tatu kwa pamoja. Atasema usiku aliamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, na choo kiko nje uani, umeme umekatika, ardhi ina mashimo. Hiyo ni furosemidi aliyoimeza jioni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aimeze asubuhi. Mzee huyu alipima hatari mbili, tansio asiyoisikia mwilini na kuvunjika nyonga gizani, akachagua kuikwepa ile anayoijua. Yalikuwa makosa, kwa kuwa tansio isiyosikika ndiyo inayopasua mishipa ya ubongo. Lakini alifikiri. Na kama angekuwapo mtu wa kumsikiliza, dawa ingehamishiwa asubuhi, nyingine ingepunguzwa, nyingine ingebadilishwa, naye angeendelea na matibabu.

Je, yule asiyeacha? Tuseme ni mama wa miaka 72. Ni mfano tu, lakini hakuna mtaa wa komini ya Annexe usiomjua mtu kama yeye. Dawa zake zimo katika mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa fundo. Zimwage mezani. Utaona vipande vya bati vilivyokatwa kwa makasi, vidonge vinne hapa, sita pale, maana hununuliwa kwa kadogo kulingana na franga zilizopo siku hiyo. Makasi yalipopita, jina la dawa lilikatika katikati na tarehe ya kuisha nguvu ikabaki kwa muuzaji. Kuna vidonge vyeupe vya duara vya namna tatu ambavyo hata mfamasia angesita kuvitofautisha. Maandishi yaliyosalia ni ya Kifaransa au ya Kiingereza. Mama husoma Biblia yake kwa Kiswahili.

Vilifikaje vyote humo? Alipimwa, tansio ikakutwa juu, akapewa amlodipini. Miguu ikavimba. Kwenye farmasi ya barabarani akaambiwa ana maji mwilini, akauziwa furosemidi. Uvimbe unaoletwa na amlodipini hauondoki kwa dawa ya kukojoza, lakini potasiamu ya damu huondoka, na pamoja nayo nguvu za misuli. Mama akaanza kuumwa mapaja na magoti, akapewa diklofenaki. Diklofenaki hushikilia chumvi na maji mwilini, hupandisha tansio na kupunguza nguvu ya dawa zake. Kituo cha afya wakaona tansio imepanda tena, wakaongeza kaptoprili. Kikaja kikohozi, ikaja dawa ya kifua. Kila aliyempa alikuwa na sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anatibu kazi ya kidonge kilichotangulia.

Humo mfukoni sasa mna diklofenaki, furosemidi na kaptoprili, mchanganyiko ambao madaktari wa figo wanauogopa kwa sababu zinazojulikana vizuri. Moja hubana damu inayoingia kwenye chujio la figo, nyingine hupunguza maji ya kuisukuma, ya tatu hulegeza upande wa kutokea, na figo hukosa msukumo wa kuchuja. Figo za mtu wa miaka 72 zimekwisha kupungua nguvu kwa umri peke yake. Akiharisha siku mbili akiwa anaendelea na dawa zote tatu, zinaweza kusimama. Naye ameendelea kwa sababu ni mtiifu. Tukimzika tutasema nini? Tutasema tansio, na pengine tutaongeza kwamba hakufuata dawa.

Wenye umri wa mama huyu Lubumbashi walizoea mambo mengine. Wengi ni watu wa kampuni ya madini ya Gécamines, wajane wao, au watu wa reli. Kampuni ilikuwa na hospitali zake, na familia ya mfanyakazi ilitibiwa huko, jina lake likiwa kwenye fishi, kadi yake ya matibabu. Siutamani udhibiti ule uliorithiwa kutoka Union Minière, kampuni ya kikoloni iliyotaka kujua mpaka chungu cha mfanyakazi kimepikwa nini. Lakini fishi ilifanya kazi moja ambayo leo haifanywi na yeyote: iliweka dawa zote za mtu mmoja mbele ya macho ya mtu mmoja. Gécamines ilianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa kuondoka kwa hiari. Zikaondoka ajira, mgao wa unga na shule za watoto. Fishi nayo ikaondoka, na hilo halikuliliwa na mtu. Aliyeachishwa akiwa na miaka 50 leo amepita 70, umri uleule ambao moyo, figo na magoti huanza kudai kila kimoja dawa yake. Anazunguka kituo cha afya, farmasi, kliniki ya kanisa, muuza dawa wa sokoni na siku ngumu kabisa Hospitali ya Sendwe mjini, na kila mahali anaanza upya kama mgeni.

Kuna kitu kingine katika utiifu huu ambacho hatukiiti hata dawa, nacho ni serumu. Mzee akilegea, familia nzima inataka atundikiwe serumu, na mzee akitundikiwa kila mtu anatulia. Sasa tufanye hesabu. Lita moja ya serumu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, chakula chote kikiwamo. Kwa mzee ambaye moyo wake tayari unashindwa kusukuma, lita moja iliyopita haraka ni kumjaza maji mapafuni. Aliharisha na kukauka? Basi serumu inaweza kumwokoa, tena ipite polepole huku akisikilizwa kifua. Amelegea tu kwa kuwa moyo umechoka? Serumu hiyo inaweza kumuua kitandani, sindano ikiwa bado mkononi. Na vile vidonge vya parasetamoli vinavyochemka kwenye glasi ya maji, ambavyo familia hupenda kumpa mzee kwa kuwa ni rahisi kumeza? Kimoja hubeba sodiamu iliyo sawa na ya karibu gramu moja ya chumvi. Vinne kwa siku, juu ya bukari na kapenta, na yule anayeambiwa kila Jumapili apunguze chumvi ameimeza kwa jina la matibabu. Parasetamoli ya kawaida haina chumvi hiyo.

Digoksini ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ni dawa ya zamani, asili yake mmea ulio jamaa ya ule ambao daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785, na tangu wakati huo inajulikana kwamba kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru vimekaribiana mno. Inatolewa na figo. Figo zikilegea, inajikusanya mwilini. Potasiamu ikipotea kwa furosemidi, moyo unazidi kuathirika nayo. Na sumu yake inaanzaje? Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, udhaifu, kuchanganyikiwa, wakati mwingine macho kuona vitu vina rangi ya njano. Ni nani Lubumbashi asiyesema, akimwona nkambo katika hali hiyo, kwamba ni malaria, au ni uzee tu? Akitundikiwa kwinini kwa malaria hiyo ya kudhani, kwinini yenyewe inazuia digoksini isitoke mwilini, na moyo uliokuwa umeanza kwenda ovyo unaweza kusimama. Mzee aliyeikataa digoksini siku ile alipoanza kutapika alikuwa na akili kuliko sisi tuliomlazimisha.

Tena tunadhani kidonge kilichomezwa ni lazima kiwe kile kilichoandikwa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliokusanya sampuli 1,530 za dawa za moyo na tansio katika nchi 10 za Afrika, Kongo yetu ikiwa mojawapo. Takriban asilimia 16 zilikuwa mbovu kwa kiasi cha dawa kilichokuwamo, na zilizoongoza kwa ubovu zilikuwa amlodipini na kaptoprili, zilezile tunazokuta mfukoni mwa mama. Nyingine zilinunuliwa kwenye farmasi zenye kibali. Fikiria sasa mzee anayemeza kila asubuhi kidonge chenye nusu ya dawa. Tansio haishuki. Muuguzi anamtazama na kumwambia, "Baba, humezi dawa." Anaapa kwamba anameza, haaminiwi, anaandikiwa mara mbili. Mwezi unaofuata anapata dawa nzima, ya kweli, anameza mara mbili kama alivyoagizwa, anaanguka akitoka kitandani.

Na isidhaniwe kuwa ni jambo la asilimia tu. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, kaskazini-mashariki mwa nchi hii, watu zaidi ya 1,000 walifikishwa hospitalini shingo na nyuso zimejipinda. Mwanzoni ilishukiwa homa ya uti wa mgongo. Ilikuja kugundulika kwamba walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu ambavyo ndani yake vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Wote walikuwa wamemeza walichopewa. Ukaidi ungewaponya.

Najua pia kuna kundi la pili, linalosema mzee aachwe apumzike, tansio ni ya umri wake, kidonge cha nini kwa mtu wa miaka 80. Silikubali hilo pia, wala makala haya yasichukuliwe kuwa msaada kwake. Mwaka 2008 ulitoka utafiti mkubwa uitwao HYVET, wa watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi. Waliotibiwa walipungukiwa na vifo kwa karibu moja ya tano, na moyo kushindwa kulipungua kwa karibu theluthi mbili. Dawa zinaokoa, hata katika umri huo. Lakini angalia walivyofanya, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Walianza na dawa moja. Waliongeza ya pili pale tu ilipohitajika. Hawakukimbilia tarakimu za kijana, walilenga 150 kwa 80. Na waliwapima wakiwa wamesimama, wala hawakumwingiza mtu ambaye tansio yake ilikuwa chini mno akisimama. Ni wangapi Kasungami wamewahi kupimwa wamesimama? Mzee hukalishwa kwenye benchi, mkono unafungwa, tarakimu inasomwa, dawa inaongezwa. Anakoangukia ni nyumbani, akiinuka, ambako hakuna mashine.

Kuna mhudumu atakayenijibu kwamba ukimwambia mzee dawa zina madhara, ataziacha zote. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu kuacha ghafla nako kunaua. Atenololi au propranololi ikikatwa siku moja, moyo unaweza kurudi kwa kishindo. Lakini mzee hahitaji sisi ndipo ajue kwamba dawa inamdhuru. Anajua. Anakohoa usiku kucha, anaona miguu yake. Anachokosa ni mtu wa kumpelekea habari hiyo bila kugombezwa, na kwa kuwa hana, anaamua peke yake, kimya, na kesho kliniki anasema "ninakunywa, dokta" kwa sababu ndilo jibu linalomaliza makelele. Kemeo letu ndilo linalomfundisha kuficha. Muuguzi anayepokea "ninakunywa" hiyo anaandika dawa mpya juu ya habari ya uongo ambayo sisi wenyewe tumeisababisha.

Atanijibu tena kwamba wahudumu ni wachache na wagonjwa wamejaa barazani. Kweli. Ndiyo maana sidai madaktari wa moyo kila mtaa. Mwaka 2017 WHO ilipoanzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, ilitaja mambo matatu ya kuanzia: hali zenye hatari kubwa, watu wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja, na wakati mgonjwa anapotoka kwa mhudumu mmoja kwenda kwa mwingine. Mama wa Kasungami yumo katika yote matatu, na kinachotakiwa kwake kuanzia ni mfuko wake wa plastiki ufike mezani ukiwa mzima. Kituo cha afya kinaweza kutenga asubuhi moja kwa mwezi ya wazee wenye mifuko, waje nayo yote, pamoja na ya sokoni, ya viungo, ya kuleta hamu ya kula na mizizi ya kuchemsha, wakijua hakuna atakayegombezwa. Relais wa jamii wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo ya polio wanaweza kuwakumbusha siku hiyo na kuwasaidia kubeba. Anayeongoza asubuhi hiyo aanze kwa kutoa kabla ya kuongeza: diklofenaki itoke kwa mwenye moyo mbovu, furosemidi ya uvimbe wa amlodipini itoke, dawa mbili za aina moja zenye majina tofauti zibaki moja. Kinachobaki kiandikwe kwenye daftari la shule, kwa Kiswahili, jina la dawa, ya nini, saa ngapi, na daftari hilo liende na mzee popote aendako. Ndiyo fishi. Haidai kampuni wala Benki ya Dunia.

Na muuza dawa aache kukata jina. Akiuza vidonge vinne, aviandikie jina na tarehe kwenye kipande cha karatasi. Hilo halimgharimu faida yake.

Wewe uliye Kolwezi, Likasi au Johannesburg, unayetuma pesa ya dawa kila mwezi na kupiga simu Jumapili kuuliza kama mama anakunywa, pesa yako ni njema, endelea kuituma. Ila swali hilo analijibu kila mara kwa ndiyo, kwa heshima yako na kwa pesa yako. Muulize badala yake anajisikiaje akiinuka kitandani. Muulize usiku anaamka mara ngapi, ni dawa gani mpya iliyoingia mwezi huu na nani aliileta. Akikuambia kuna moja asiyoipenda, usimkatize.